Sare kavu kabla ya kupambazuka: shajara ya chanja ya kuanikia nguo, mlimani Kirumba, Mwanza, masika 2025

Jumapili, 2 Machi 2025. Tulipoanzia

Shajara hii naiandika kwa ajili ya mzazi anayeishi mlimani kama sisi, mwenye watoto wa shule na sare mbili mbili tu kwa kila mtoto, ambaye mvua zikishika nyumba nzima inageuka kamba ya nguo. Nitaongeza kila hatua ikikamilika, na nitaandika fedha iliyotumika, hata ile iliyopotea.

Nyumba ni ya vyumba vitatu, varanda mbele inatazama ziwa, na nyuma kuna mwamba mrefu kuliko paa. Watoto ni watatu: mkubwa ni binti wa darasa la saba, wa kati ni mvulana wa darasa la nne, na kitinda mimba ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mama watoto ananunua dagaa soko la Mwaloni, hivyo saa 10 alfajiri ameshatoka. Asubuhi za watoto ni zangu mpaka nitakapokwenda kufungua kibanda changu cha fotokopi.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo ndugu zetu wa Dar es Salaam hawalijui. Saa zetu ni moja, ila sisi tuko magharibi zaidi, na jua linatutokea kama dakika 25 baada yao. Majira haya linachomoza karibu saa 12:55. Watoto wangu wanatoka nyumbani saa 12:20, kiza hakijaisha. Nguo iliyolala mbichi haina jua la kuiokoa asubuhi.

Kilichonisukuma ni hiki. Ijumaa niliamka saa 5 kasoro usiku nikamkuta binti yangu amepiga magoti sakafuni, anapiga pasi ya mkaa shati la mdogo wake ili likauke, mvuke umemjaa usoni. Pembeni daftari la hisabati liko wazi, maswali ya sehemu, la tatu ameliacha katikati. Nikamuuliza hili limeanza lini. "Wiki ya pili sasa, baba, tangu mvua zianze." Hakuna aliyemtuma. Aliona wadogo zake wataenda na nguo mbichi, akaibeba kazi mwenyewe. Ana mtihani wa kuhitimu Septemba. Tulihesabu pamoja: karibu saa mbili kila usiku, siku nne kwa wiki. Lengo la mradi ni kumrudishia saa hizo.

Jumamosi, 8 Machi. Kamba varandani

Nilinunua kamba ya manila, shilingi 3,000, nikaifunga varandani mistari mitatu. Mvua isiyo na upepo inavumilika. Ila mvua yetu inatoka ziwani na mara nyingi inaingia usiku na kishindo, inapiga kwa ubavu. Jumatano mashati yalilowa upya kuliko yalivyotoka kwenye beseni. Kamba nimeifungua, nimeiweka.

Jumamosi, 22 Machi. Jiko: msifanye hivi

Nimechelewa kuandika hatua hii kwa sababu bado inanitetemesha.

Jumanne mvua ilikuwa haikatiki. Nikaweka jiko la mkaa koridoni, nikazungushia viti vyenye sare, na viatu vitatu pea nikavipanga karibu na moto. Madirisha nilifunga, mvua isiingie. Tukalala. Saa 8 usiku, mtoto wa kati aliita, anasema kichwa kinamgonga na anataka kutapika. Nilipoinuka na mimi miguu haikuwa na nguvu. Nikafungua mlango, nikawatoa wote varandani na mablanketi, jiko nikalitupa nje kwenye mvua. Tulikaa pale hadi mama yao alipotaka kutoka, na siku hiyo hakwenda Mwaloni. Asubuhi tuliwapeleka zahanati wakaangaliwa, wako salama.

Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kwenye nyumba yetu jiko halitaingia tena ndani, si kwa nguo, si kwa baridi, si kwa dakika tano. Ukiiga mradi huu, anza na sharti hilo.

Hasara nyingine ni ndogo mbele ya hiyo: gundi ya viatu vya mkubwa ililegea kwa joto, soli ikaachia, fundi akashona kwa shilingi 5,000. Mkaa wa wiki hiyo 4,000.

Jumatatu, 7 Aprili. Kabati la nailoni

Leo ni Siku ya Karume, watoto wako nyumbani, tumejenga kabati. Mbao za mbili kwa mbili vipande 4 vya futi 12 (16,000), nailoni nzito mita 6 (15,000), balbu ya zamani ya wati 100 ile inayopata moto, pamoja na holda na waya (7,500), misumari nusu kilo (2,500). Jumla 41,000. Fremu, nailoni pande zote hadi juu, balbu chini, nguo zinaning'inia ndani. Wazo langu lilikuwa joto lisitoroke. Nguvu ya balbu kwa saa 8 ni uniti 0.8, na kwa bei ya umeme wa LUKU niliyonunulia, shilingi 356 kwa uniti, ni kama 285 kwa usiku. Nililala na matumaini makubwa.

Jumapili, 13 Aprili. Uvundo, na maneno ya mama watoto

Kabati limeshindwa. Safari hii ninajua kwa kiasi gani, kwa sababu wa kati alikuja na wazo la kupima nguo kwa mizani ya kidijitali ambayo mama yake anapimia dagaa wa rejareja. Shati lake likiwa kavu kabisa lina gramu 130. Likifuliwa na kukamuliwa kwa mikono lina 250. Baada ya usiku mzima ndani ya kabati lilitoka na gramu 175, na linanuka uvundo. Nailoni kwa ndani ilikuwa imejaa matone kama kioo cha daladala wakati wa mvua, na matone hayo yalikuwa yanadondokea mabegani mwa mashati yale yale. Siku ya nne nailoni iligusa balbu ikatoboka, nikazima kila kitu.

Juzi na leo mwezi ni mpevu. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti dagaa, kwa hiyo wengi wanapumzika na mama watoto naye anakaa nyumbani. Kabla hatujaoana alianika dagaa kisiwani kwa miaka minne. Alilizunguka kabati mara moja, akashika nailoni kwa kidole, akasema: "Baba watoto, dagaa hawakaushwi na moto. Wanakaushwa na upepo. Ukiwafunika wakiwa wabichi, kesho unawauza chakula cha kuku."

Akanieleza. Dagaa ukimwaga juu ya mchanga, upande wa chini unabaki mbichi hata jua liwe kali vipi, na masika wanaoza kabla hujawageuza. Ukiwaweka juu ya chanja, hewa inapita chini na juu, wanakauka upesi na hawana mchanga. Maji ya kwenye nguo ni vivyo hivyo. Yanatoka kwenye kitambaa yanaingia kwenye hewa iliyo jirani, na hewa hiyo ikishajaa haipokei tena. Lazima iondoke, ije nyingine. Mimi nilikuwa nimeifungia ndani na kuipasha moto.

Tumelivunja kabati jioni hii hii. Mbao ni nzima, zitatumika.

Jumamosi, 19 Aprili. Chanja

Kesho Pasaka. Kazi imetuchukua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, watoto wote wakiwemo.

Urefu ni mita 1.8, upana sentimita 90, kimo mita 1.5. Mbao zilizokuwepo 4, tumeongeza 3 (12,000). Miguu minne, fremu moja juu na moja chini ya kushikilia miguu, na vipau vitatu vya kutundikia henga. Henga 12 kwa 500 kila moja (6,000). Turubai la 18,000 limefungwa kama paa lenye mteremko, na pande mbili linashuka lakini linaishia magotini, halifiki chini. Misumari nusu kilo nyingine, 2,500.

Kosa la kwanza tuliliona baada ya saa moja. Nilikuwa nimeweka kitanda cha wavu chini kwa ajili ya masweta, kwa sababu sweta likitundikwa linavutika, na mashati juu yake. Mashati yakadondoshea masweta. Wa kati ndiye aliyesema tusiweke vitu juu na chini, tuweke kando kwa kando: nusu ya chanja wavu, nusu henga. Tumeng'oa, tumepiga upya. Nafasi kati ya henga na henga ni shubiri moja. Ukizibana, katikati hakukauki.

Wavu ni wavu kuukuu wa dagaa, mama watoto aliupata bure. Tumeufua kwa sabuni na ndimu mara tatu na kuuanika siku mbili.

Jumapili, 27 Aprili. Mambo mawili yaliyonisumbua wiki nzima

La kwanza ni wavu. Jumanne mwanangu wa kati alirudi shuleni kimya, akavua sweta akalitupa chini. Wenzake walikuwa wamemwita dagaa kutwa nzima. Nililinusa, na kweli, harufu ilikuwa imehamia, hafifu lakini ipo. Kipato cha nyumba hii kinatoka kwenye dagaa, na nilimwambia hilo kwa heshima yote ya kazi ya mama yake. Hata hivyo mtoto wa miaka 10 hapaswi kubebeshwa hilo mbele ya darasa. Usiku ule ule niliukata wavu. Nikaitoa kamba ya manila niliyoiweka tangu Machi, nikaongeza nyingine ya 3,000, tukasuka kitanda cha miraba ya vidole vinne. Kinashika sweta vizuri, na hakina harufu. Ukipewa wavu wa bure, ukatae.

La pili ni mahali. Nilikuwa nimeiweka chanja varandani upande wa ziwa, kwa sababu mchana upepo unatoka ziwani na unajaa pale. Mchana nguo zilikauka vizuri. Lakini sare tunazifua saa 10 jioni watoto wakirudi, na kazi kubwa ya kukauka ni ya usiku. Usiku upepo unageuka: nchi kavu inapoa kuliko maji, hewa inashuka kutoka mlimani kwenda ziwani. Varanda usiku imekingwa na nyumba yenyewe, hewa imelala. Shati lilitoka na gramu 150.

Alhamisi tuliihamishia nyuma, kwenye njia nyembamba kati ya ukuta na mwamba. Njia ile inabana upepo wa mlimani, unapita kwa nguvu hata nikiwa nimesimama pale nausikia shingoni. Na mwamba, siku ikiwa imepata jua hata la saa mbili tatu, unabaki na uvuguvugu mpaka usiku wa manane. Kitinda mimba anapenda kuegemea pale akisubiri chakula. Asubuhi ya Ijumaa shati lilikuwa gramu 133. Nilipima mara mbili. Aliyejenga nyumba bila mwamba atafute pembe ambayo usiku upepo unapita: shika uzi mwepesi saa 4 usiku, uone unapepea wapi.

Mvua ikinyesha huku tuko kazini, maji ya mlimani yanapita kwenye njia ile. Tumeinua miguu ya chanja juu ya mawe manne.

Jumamosi, 3 Mei. Nani anafua

Chanja peke yake isingemrudishia binti yangu saa zake. Ilikausha nguo, lakini aliyezifua, kuzitundika na kuzikagua alikuwa bado yeye. Nilimwambia wa kati kuanzia sasa shati na kaptula yake ni yake. Akajibu bila ubaya wowote, kama anayetaja jina la mtaa: "Kufua ni kazi ya dada." Jibu lile lilinionyesha kwamba amelichukua kwangu, maana hajawahi kuniona mbele ya beseni.

Kwa hiyo nimefua naye. Wiki mbili, kila jioni, mimi shati langu yeye la kwake, beseni mbili zimekaribiana. Kola na mikono kwanza, sabuni ya kipande, maji mara mbili. Siku za mwanzo kola ilitoka na mstari mweusi na dada yake alitaka kuirudia. Nilimzuia. Alivaa hivyo hivyo, na kesho yake akaisugua vizuri zaidi.

Kitinda mimba ana kazi moja na anaipenda. Shati lililokamuliwa tunalilaza juu ya taulo kavu, tunaviringisha pamoja kama mkeka, yeye anapanda juu anakanyaga akihesabu hadi 50. Shati la gramu 250 linashuka hadi 190. Sweta, ambalo kavu ni 310, linashuka kutoka 780 hadi 560. Hakuna hatua nyingine katika mradi huu iliyotupa faida kubwa hivi bila shilingi.

Viatu: usiviweke karibu na moto wala juani moja kwa moja. Toa soli ya ndani, jaza gazeti, baada ya saa moja litoe lililolowa weka jingine, kisha vigeuze soli juu kwenye vijiti vya chanja. Nilianza na karatasi zilizoharibika za kibandani kwangu, zile nyeupe za fotokopi, hazinyonyi. Gazeti linanyonya. Na siku za matope watoto wanashuka mlimani na raba kuukuu za mtumba, viatu vya shule viko kwenye mfuko. Malapa tuliyajaribu, wa kati aliteleza kwenye mwamba akachubuka goti, basi.

Jumamosi, 17 Mei. Feni, na hesabu

Kuna usiku ambao upepo haupo kabisa, mawingu yamefunika na hewa imesimama. Kwa usiku wa namna hiyo nimenunua feni ya mtumba ya wati 45, shilingi 25,000. Iko ndani ya nyumba, dirishani, inapuliza nje kuelekea chanja. Waya wa umeme hautoki nje kwenye maji. Ikiwaka saa 8 inakula uniti 0.36, kama shilingi 128. Ni chini ya nusu ya ile balbu, na shati linatoka 136. Tumeiwasha usiku sita tu mwezi huu. Radi zikianza tunaichomoa.

Fedha yote tangu Machi ni 119,500. Atakayeanza moja kwa moja na chanja, bila feni, atatumia hivi: mbao 7 kwa 28,000, turubai 18,000, henga 6,000, kamba mbili 6,000, misumari 2,500. Jumla 60,500. Ukitoa hizo na feni kwenye fedha yote, zinabaki 34,000, nazo ni bei ya makosa yangu, ambayo sasa huna haja ya kuyalipia. Jirani yetu amejenga yake kwa milunda ya mkaratusi badala ya mbao, imemtoka nafuu zaidi na imesimama imara, ila maganda lazima yabanduliwe yote kwanza, yanachafua mashati meupe.

Jumamosi, 31 Mei. Daftari

Mvua zimepungua, siku tatu hazijanyesha. Chanja itabaki palepale. Mama watoto ameshaniuliza kama ikifika Juni anaweza kuanikia mihogo, nimemwomba ajengewe ya kwake.

Saa 2 usiku kila siku kuna ukaguzi: kila mtoto anashika nguo zake kwapani, kiunoni na kwenye kola, sehemu zinazochelewa. Wanaandika wenyewe kwenye daftari lililoning'inizwa na uzi kwenye mguu wa chanja, na asubuhi saa 11:30 wanaandika tena. Mwandiko wa kitinda mimba ni tiki moja kubwa. Nanakili ya wiki hii kwa anayetaka kuona linavyojazwa:

Jumatatu 26. Usiku: vyote mbichi kidogo. Asubuhi: vyote kavu.

Jumanne 27. Usiku: hakuna upepo, feni. Asubuhi: kavu, soksi moja haionekani. (Ilikuwa chini ya turubai.)

Jumatano 28. Usiku: sweta la mdogo kwapani. Asubuhi: sweta bado, amevaa la zamani.

Alhamisi 29. Asubuhi: kavu zote.

Chini ya Alhamisi, kwa mwandiko wa mkubwa, kuna mstari ambao sikumwagiza: "Nimelala saa 3 na nusu. Maswali ya sehemu nimemaliza yote kumi."